Shule Ilipofungwa, Bodi Ikabaki

Sisi ni wa Nyarugusu, Nakivale na Kakuma. Wiki hii tunaandika historia, na haihusu vita wala wafalme, ingawa mfalme mmoja atapita humo kidogo. Inahusu wanafunzi waliochukua nyaya, taa, kamera na kompyuta za shule wakatengeneza sanaa ambayo ukiigusa inakujibu: sakafu inayotoa sauti ukiikanyaga, skrini inayocheza na sura yako, jengo zima lililogeuzwa mchezo.

Mada hii tumeichagua kwa sababu tumechoka kusikia kwamba mambo hayo ni ya watu wenye pesa, na kwamba kijana wa kambini anafaa kufundishwa kushona na kutengeneza sabuni, basi. Kushona ni kuzuri. Wengi wetu tumesoma kwa cherehani za mama zetu. Lakini kati yetu kuna vijana wanaofungua simu iliyoingia maji wakiwa na bisibisi moja na mswaki, na jioni simu inalia. Mtu kama huyo hakosi akili ya kutengeneza ukuta unaojibu. Anachokosa tutakiona mbele.

Tuanzie mwaka 1969, Chuo Kikuu cha Wisconsin, mji wa Madison, Marekani. Palikuwa na mwanafunzi wa kompyuta aitwaye Myron Krueger, anasomea shahada za juu. Yeye na wenzake wachache, wengine wasanii, walitengeneza chumba wakakiita Glowflow. Chumba ni giza. Ukutani kuna mirija yenye kimiminika kinachong'aa, sakafuni kumefichwa vibao vinavyohisi uzito wa mtu. Ukikanyaga, kompyuta inapata habari, kisha inawasha mrija au inatoa sauti. Kumbuka ni mwaka 1969, kompyuta ni kabati zima, na watu wengi wa mji ule hawajawahi kuiona hata moja.

Sasa sikilizeni sehemu iliyotugusa. Wasanii wa kundi lile walitaka chumba kiwe na utulivu. Waliogopa kwamba mtu akijua hatua yake ndiyo inayowasha taa, ataanza kurukaruka kama mtoto ili iwake tena na tena. Kwa hiyo jibu likacheleweshwa makusudi. Unakanyaga hapa, taa inawaka baadaye, pengine wewe umeshasogea. Watu walikifurahia chumba, wageni wasiojuana walifika mahali pa kupiga makofi na kuimba pamoja, lakini wengi walitoka bila kujua kama walikuwa wakijibiwa wao au la. Krueger hakuridhika. Akaona kwamba uzuri wa kazi ile hauko kwenye mirija wala kwenye sauti, uko kwenye jibu lenyewe, na mtu asipojua kwamba amejibiwa ni sawa na kutojibiwa.

Tuliposoma hapo tulicheka kwanza, halafu tukanyamaza. Karibu kila kambi ina sanduku la maoni. Unaandika karatasi, unaikunja, unatumbukiza. Labda miezi minane baadaye bomba linatengenezwa. Je, ni karatasi yako, au bajeti ya mwaka mpya, au mgeni mkubwa alikuwa anakuja? Hujui. Ndugu zetu wa mashirika, hatusemi hamsomi zile karatasi. Tunasema tunaishi ndani ya Glowflow, na ndiyo maana watu wengine wameacha kukanyaga.

Turudi Wisconsin. Mwaka 1970 Krueger alitengeneza kazi nyingine, Metaplay. Mgeni anaingia chumbani, anaiona sura yake kwenye skrini kubwa, na mtu aliyeketi kwenye jengo lingine, kama maili moja kutoka hapo, anachora juu ya sura ile. Anakuchorea kofia, wewe unaikwepa, yeye anakufuata nayo. Katika siku za maandalizi kulitokea jambo dogo ambalo Krueger alilieleza baadaye. Yeye na mwenzake walikuwa majengo tofauti, wanaonana kwa video, wanaoneshana kosa lililokuwa kwenye mitambo. Picha ya mkono wa Krueger ikaifunika kidogo picha ya mkono wa mwenzake. Mwenzake akauondoa mkono wake, kama mtu aliyeguswa kweli. Hakuna ngozi iliyogusana. Ni picha tu. Hapo Krueger akajua amepata kitu, akakifuata kwa miaka mingi: mwaka 1971 sakafu ya Psychic Space inayopiga muziki chini ya miguu, mwaka 1974 shahada ya udaktari, halafu Videoplace, ambamo vivuli vya watu walio vyumba tofauti vinakutana kwenye skrini moja.

Mtu yeyote hapa aliyewahi kuweka kidole kwenye kioo cha simu juu ya shavu la mama yake aliyebaki Uvira au Bujumbura anaelewa yule mwenzake Krueger aliondoa mkono kwa nini. Hatuna haja ya kufafanuliwa na profesa.

Baada ya hapo wanafunzi wa nchi nyingine nao walifanya yao. Mwaka 1995 wanafunzi wa uhandisi wa umeme wa Delft, Uholanzi, waligeuza ghorofa 15 za jengo lao kuwa mchezo wa Tetris, kila dirisha likawa kipande cha mchezo. Mwaka 2000 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani wakafanya hivyohivyo kwenye maktaba yao ya sayansi, ghorofa 14, kwa taa ndogondogo za Krismasi. Inapendeza, lakini inataka ghorofa 14, na sisi jengo refu kuliko yote tulilonalo ni tangi la maji. Tupite.

Iliyo karibu nasi zaidi ni ya New York. Katika Chuo Kikuu cha New York kuna programu iitwayo ITP, iliyoanzishwa mwaka 1979 na mama mmoja mzaliwa wa Kanada, Red Burns. Yeye hakutaka wahandisi peke yao. Alichanganya wapiga picha, walimu, wacheza ngoma, wanasheria, akawaweka chumba kimoja na mashine, na mara mbili kwa mwaka milango inafunguliwa, watu wa mji wanaingia kuchezea kazi za wanafunzi. Mwaka 2004 darasa moja la pale lilitengeneza PacManhattan. Mnaujua ule mchezo wa zamani wa Pac-Man, kimdomo cha njano kinachokula vidoti huku kikikimbizwa na vizuka wanne? Wao waliutoa kwenye kompyuta wakauweka barabarani. Mwanafunzi mmoja alivaa njano, wanne wakavaa uzuka, wakakimbizana kwenye mitaa inayozunguka bustani ya Washington Square. Vidoti vyenyewe havikuwepo barabarani. Kila mkimbiaji alikuwa na simu ya kawaida, na akifika kwenye kona anampigia mwenzake aliyeketi chumbani: niko kona fulani. Mwenzake anasogeza alama kwenye kompyuta.

Someni tena hapo. Hapakuwa na mtambo wa siri. Ni simu za kupiga, kona zenye majina, na watu wa kuzungumza nao. Kambi zetu zimepangwa kwa zoni na bloku zenye namba, mistari imenyooka kuliko mitaa ya miji mingi. Aliyezichora alifikiria ugawaji wa chakula na njia ya lori la maji, lakini, bila kujua, ametuchorea uwanja wa Pac-Man.

Sasa tufike Italia, maana huko ndiko tulikotaka kufika tangu mwanzo.

Ivrea ni mji mdogo wa kaskazini, karibu na Torino. Zamani uliishi kwa Olivetti, kiwanda cha mashine za kuandikia kilichoanza mwaka 1908. Kiwanda kilipofifia, mwaka 2001 ilifunguliwa pale shule ndogo ya kubuni vifaa vinavyozungumza na watu. Wanafunzi walitoka nchi nyingi, na wengi wao walijua kuchora na kubuni kuliko umeme. Wakitaka kutengeneza taa inayowaka ukiipungia mkono, walihitaji kibao cha kompyuta ndogo cha kuiongoza. Vilivyokuwepo sokoni vilikuwa vigumu kuvielewa, na kimojawapo kilichotumika sana kiligharimu hadi dola 100 hivi.

Kati ya wanafunzi hao alikuwepo Hernando Barragán, kijana wa Kolombia. Mwaka 2003 alianza tasnifu yake: bodi moja, pamoja na programu ya kuiandikia maagizo, ambayo mtu asiye mhandisi angeweza kuitumia. Aliiita Wiring. Aliijenga juu ya Processing, programu ya kuchora kwa kompyuta iliyoanzishwa mwaka 2001 na Casey Reas na Ben Fry, nao wakati huo ni wanafunzi huko MIT. Wasimamizi wa tasnifu ya Barragán walikuwa Massimo Banzi na huyo Casey Reas. Kazi ilikamilika mwaka 2004. Kila fundi anayeandika leo agizo la kuwasha taa kwa neno digitalWrite anatumia neno la Wiring.

Mwaka 2005 Banzi na wenzake, akiwemo David Cuartielles wa Hispania na mwanafunzi David Mellis, walichukua msingi wa Wiring, wakaweka chipu ya bei nafuu zaidi, wakatoa bodi ya takriban dola 30. Waliipa jina la baa waliyozoea kunywea pale mjini, nayo baa imepewa jina la Arduino, mtu wa Ivrea aliyetawazwa kuwa mfalme wa Italia mwaka 1002. Ndiye mfalme tuliyewaahidi, amepita, aende zake.

Wakati huohuo shule ilikuwa inaishiwa fedha. Ilijulikana kwamba Ivrea itafungwa na mabaki yake yatahamia Milano. Walimu na wanafunzi waliogopa kwamba siku ya mwisho watakuja watu na karatasi za sheria, kila kilichobuniwa mle kichukuliwe, kiwekwe kabatini na kisahaulike. Basi wakaamua kuweka wazi michoro ya bodi na programu yake yote, kwamba mtu yeyote duniani aichukue, aitengeneze, aiuze, aibadilishe. Shule ilifungwa kweli. Bodi ikabaki. Leo iko kwenye madarasa ya dunia nzima, na kuna viwanda vingine vinavyotengeneza bodi kama hiyo kwa bei ya chini zaidi, na hakuna anayeweza kuwakatalia.

Kambi moja, ambayo hatuitaji, ilikuwa na mradi wa kompyuta. Uliendeshwa miaka miwili, vijana walijifunza, mwalimu alikuwa mmoja wetu. Fedha zilipokwisha, mashine zilifungiwa kwenye kontena zikisubiri uamuzi, na zinasubiri hadi leo. Kilichotuuma siyo mashine, maana mashine huzeeka. Ni kwamba mazoezi, picha, masomo aliyoyaandika mwalimu wetu kwa Kiswahili, yote yalikuwa ndani ya zile mashine, na hakuna aliyeyatoa kabla ya kufuli. Ivrea walijua siku inakuja wakatoa vitu nje mapema. Sisi pia tulijua siku inakuja, kila mradi una tarehe yake imeandikwa ukurasa wa kwanza, ila hatukuambiwa kwamba ile kazi tunaweza kuiita yetu.

Lakini hata Ivrea haikuwa na haki kwa wote. Barragán hakualikwa katika timu ya Arduino. Bodi ilipopata umaarufu, majina yaliyotajwa kwenye magazeti yalikuwa ya wengine, na yeye akawa mstari mmoja tu wa shukrani. Alikaa miaka mingi, halafu mwaka 2016 akaandika habari yote kwa mkono wake, na tarehe zake na picha za bodi za kwanza. Hakuwa anadai kufungiwa kwa kitu. Kazi yake ilikuwa wazi tangu mwanzo, na alitaka iwe hivyo. Alitaka ijulikane nani alifanya nini. Kwa maoni yetu alikuwa na haki kabisa. Kutoa kitu bure na kufutwa jina ni mambo mawili tofauti, na sisi tunaopigwa picha kila mwaka kwa ajili ya ripoti tunaujua huo utofauti. Picha yetu inafika Geneva, chini imeandikwa "kijana mkimbizi".

Kwa hiyo kikundi kimekubaliana mambo haya. Likizo ijayo tunacheza Pac-Man ya bloku, kuanzia ile bloku ya msikiti hadi kwenye bomba la pili, simu tano za batani zinatosha, na kila aliyeshiriki jina lake linaandikwa kwenye ubao, akipenda. Masomo yote tunayoandika yanawekwa kwenye kadi za memori tatu, kila moja kwa mtu tofauti, wa nchi tofauti. Na mtu wa shirika anayetaka kutuletea mafunzo tunamkaribisha kwa mikono miwili, ila siku ya kwanza atuoneshe karatasi inayosema mafunzo yakiisha vitu vinakwenda wapi.

Bodi moja aina ya Arduino tunayo, ya mitumba, imetoka Nairobi kwa basi. Inafanya kazi. Tunataka kuiweka kwenye lile sanduku la maoni, ili karatasi ikiingia taa iwake papo hapo, na karatasi ikisomwa iwake taa ya pili. Ya kwanza ni rahisi. Ya pili inataka mtu wa ofisini akubali kubonyeza kitufe, na hayo mazungumzo yameanza. Kilichobaki ni umeme. Mwenye betri ya pikipiki iliyochoka asiitupe.