Wingu la Maneno na Azimio la Arusha: Tunahesabu Nini?

Nia ya makala haya ni ndogo. Nataka kueleza jinsi nilivyolisoma vibaya Azimio la Arusha kwa kutumia wingu la maneno, na yale niliyojifunza kutokana na kosa hilo. Nimeona heri niliandike kwa sababu wenzangu wengi siku hizi wanaweka mawingu haya katika tasnifu na katika kazi za semina, na wengi wetu tunayapokea bila swali. Yangu pia ilipokelewa bila swali. Swali lilitoka nje ya chuo, kwenye benchi la kahawa kule Magogoni.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Wingu la maneno ni picha inayotengenezwa na kompyuta. Unaipa matini, yenyewe inahesabu kila neno limetokea mara ngapi, kisha inayachora maneno hayo. Lililotokea mara nyingi linakuwa kubwa, lililotokea mara chache linakuwa dogo. Rangi na mahali neno lilipowekwa kwa kawaida ni pambo tu. Ukubwa ndio wenye maana. Picha hizi zilipata umaarufu mkubwa kuanzia mwaka 2008, Jonathan Feinberg wa kampuni ya IBM alipotoa programu yake iitwayo Wordle. (Wale wanaoujua mchezo wa kubahatisha neno wenye jina hilohilo wasichanganye, huo ulikuja baadaye.) Siku hizi wanafunzi wengi wanatumia Voyant, kazi ya Stéfan Sinclair na Geoffrey Rockwell wa Kanada.

Lakini kuhesabu maneno hakukuanza na picha hizi. Mwaka 1949 padre wa Kijesuti wa Italia, Roberto Busa, alikwenda kuomba msaada wa IBM ili aorodheshe kwa mashine maneno yote ya Thomas Aquinas, kazi iliyomchukua miaka zaidi ya thelathini. Kabla ya mashine, watu waliandika itifaki za Biblia kwa mkono. Na mtu aliyesoma madrasa huenda amewahi kuiona faharasa ya maneno ya Kurani iliyoandaliwa na Muhammad Fuad Abd al-Baqi wa Misri. Ile haipangi maneno kama yalivyoandikwa. Inayapanga kwa mizizi, kila mzizi na watoto wake chini yake. Naomba msomaji aliweke jambo hili akilini, nitalirudia.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nilitakiwa kutoa mada katika semina kuhusu chimbuko la fasihi ya Azimio. Sote tunajua kwamba baada ya 1967 washairi na waandishi walihimizwa kulieneza Azimio, na kwamba vitabu kama *Ngonjera za Ukuta* cha Mathias Mnyampala vilitokana na wito huo. Mimi nikajiuliza: kabla ya kuhakiki watoto, kwa nini tusimhakiki mzazi? Tulisome Azimio lenyewe kama matini, tuone lina dhamira gani. Wazo halikuwa baya. Ubaya ulikuwa katika haraka yangu.

Nilichukua sehemu ya tatu, ile ya Siasa ya Kujitegemea, kwa kuwa ndiyo yenye hoja nyingi kuliko zote. Nikaichapa yote katika kompyuta, nikaiingiza katika programu. Wingu la kwanza lilikuwa kichekesho: "ya", "na", "wa", "kwa", "ni". Basi nikaviondoa viunganishi hivyo kimojakimoja, nikabonyeza tena. Hapo katikati ya karatasi likasimama neno moja: FEDHA. Nilikwenda kuichapisha kwa rangi kwenye steshenari moja ya Mtaa wa Msimbazi, na jioni ileile nikaandika kwamba Azimio, pamoja na sifa zake zote za ujamaa, kiini cha fikra zake ni fedha. Nikaongeza, kwa lugha nzito kidogo, kwamba picha imetufichulia kile ambacho wahakiki wa zamani hawakukiona. Darasa lilipiga makofi. Nikajiona mtu.

Siku mbili baadaye nilikuwa nakwenda Kigamboni. Nikatembea kutoka Kariakoo, nikapita Mnazi Mmoja, nikashuka mpaka Feri. Pantoni ilikuwa upande wa pili. Nikakaa na wazee wa kahawa, nikaagiza kikombe na kashata, na ile karatasi nimeishika mkononi kama cheti. Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione. Hii picha ya nini?"

Nikamweleza: haya ni maneno ya Azimio la Arusha, neno kubwa ndilo lililotajwa zaidi. Akaisogeza mbali na macho, akaiangalia kwa muda.

"Fedha?" akasema. "Nani kakwambia? Lile lilikuwa linaikataa fedha! Sisi tulikuwa vijana, mimi nilikuwa kuli hapo bandarini. Tumelisikia redioni, tumesomewa, tumeimbishwa. Sasa mbona unyonyaji siuoni humu? Neno letu lilikuwa unyonyaji, asubuhi mpaka jioni. Umeuweka wapi?"

Wenzake wakacheka. Mimi sikuwa na jibu. Pantoni ilipofika nilipanda, na nikiwa juu ya maji nilianza kulisoma tena lile neno "fedha" kwa aibu.

Nilipolirudia Azimio, kwa kulisoma safari hii, niliona mzee alikuwa na haki katika mambo yote mawili. Nitaanza na la fedha.

Azimio lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU iliyokutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari. Sehemu yake ya tatu ina mtindo wa mabishano. Inaanza kwa kulaumu kwamba katika vita dhidi ya umaskini tumechagua silaha ambayo hatuna. Kisha inawaleta wasemaji mbalimbali: wabunge wanadai fedha za barabara, za shule, za hospitali, Serikali nayo inatafuta fedha. Halafu inapima njia za kuzipata, yaani kodi, misaada, mikopo na wawekezaji kutoka nje, na kuonyesha kwamba hazitoshi, au kwamba zinahatarisha uhuru wetu. Mwisho inafikia uamuzi wake: fedha ni matokeo ya maendeleo, siyo msingi wake. Msingi ni watu na juhudi yao, ardhi na kilimo.

Kwa hiyo neno "fedha" limerudiwarudiwa kwa sababu linashtakiwa. Mahakamani, jina linalotajwa kuliko yote mara nyingi ni la mshtakiwa. Mtu akihesabu majina tu bila kusikiliza kesi, anaweza kutoka akidhani mshtakiwa ndiye mgeni rasmi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Mimi nilisikia mvumo nikadhani ni ujazo.

Katika istilahi zetu za uhakiki, naweza kusema hivi: wingu linaweza kutuonyesha mada, lakini halituonyeshi msimamo. Linatuambia matini inazungumzia nini, halituambii inasema nini juu yake. Na dhamira, kama tulivyofundishwa tangu kidato cha tano, haiwezi kupatikana bila msimamo.

La pili ni la unyonyaji, na hapa tatizo ni la Kiswahili chenyewe, au niseme ni la programu isiyojua Kiswahili. Kompyuta ya kawaida inahesabu kila mfuatano wa herufi kati ya nafasi mbili kama neno moja. Katika Kiingereza hilo lina madhara, lakini si makubwa sana, maana kitenzi chao kina maumbo machache. Chetu kinabeba mtenda, wakati, mtendwa na kauli, vyote vimeshikana. Kwa hiyo "unyonyaji" ni neno moja, "mnyonyaji" la pili, "wanyonyaji" la tatu, "kunyonya" la nne, "kunyonywa" la tano, "tumenyonywa" la sita, "tunyonywe" la saba. Fikra moja inagawanywa mafungu saba, na kila fungu linakuwa dogo mpaka linapotea pembeni mwa picha. "Fedha" yenyewe ni nomino isiyobadilika, umoja fedha, wingi fedha. Inaingia kwenye hesabu nzima nzima. Kumbe ushindani haukuwa wa haki tangu mwanzo! Wingu la matini ya Kiswahili linapendelea nomino za aina hiyo na linaonea vitenzi. Na Azimio, katika mahali penye uchungu zaidi, linasema kwa vitenzi.

Kumbukumbu ya mzee haikuwa ya ajabu. Mwanahistoria James Brennan, katika makala aliyoitoa mwaka 2006, alifuatilia fikra ya unyonyaji katika siasa za mjini kati ya 1958 na 1975. Wazee wa Kariakoo wanaukumbuka msamiati wa wakati ule bila kusoma makala yoyote: kupe, mirija, kabaila, bepari. Hili la mwisho lina historia yake. Limetoka Uhindini, na katika kamusi za zamani maana yake ilikuwa mfanyabiashara tu. Siasa ndiyo iliyoligeuza kuwa tusi. Wingu lingelichora kwa ukubwa uleule, liwe la duka au la mkutano wa hadhara.

Basi, msomaji atasema, dawa ni kuhesabu kwa mizizi kama Abd al-Baqi. Nami nilidhani hivyo. Na kweli ni hatua kubwa: zipo programu zinazoweza kuchambua mofolojia ya Kiswahili, hasa ile iliyotokana na kazi ya Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, aliyeianza miaka ya 1980. Ukiutoa mzizi wa "-nyonya" kutoka katika maumbo yake, neno la mzee linarudi mahali pake.

Lakini angalia mzizi mwingine, "-tegemea". Katika Azimio kuna kutegemea na kuna kujitegemea. Ukihesabu kwa mzizi, yote mawili yanaingia kapu moja, na kapu litakuwa kubwa. Ila kutegemea ndiko kunakokataliwa, na kujitegemea ndiko kunakohubiriwa! Siasa nzima ya nchi ilikaa katika kiambishi kimoja cha herufi mbili, "ji". Vivyo hivyo "tunategemea" na "hatutegemei" zina mzizi mmoja, na zinapingana. Mashine iliyokata viambishi ili itusaidie kuhesabu imekata pia kile tulichokuwa tunakitafuta. Tena Azimio linataja mambo manne yanayohitajika kwa maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Katika wingu la kawaida "siasa" itakwenda huku, "safi" kule, na "bora" itabaki yatima.

Nilifanya nini? Nilichukua kalamu ya risasi na kijitabu. Kila nilipokutana na "fedha" au mzizi wa "-tegemea" au wa "-nyonya", niliandika pembeni nani anasema, na kama anakubali, anaomba au anakataa. Ilinichukua siku tatu. Mwishoni karatasi yangu ilikuwa chafu na haikuwa na rangi, lakini iliweza kujibu swali la mzee. Semina iliyofuata niliomba dakika kumi, nikaifuta hoja yangu mbele ya walewale waliopiga makofi. Safari hii hawakupiga, na sikuwalaumu.

Sisemi mawingu yatupwe. Wingu langu ndilo lililonifanya nione kwamba "fedha" imejaa katika sehemu ile, na swali la "kwa nini imejaa?" ni swali zuri. Kosa lilikuwa kuligeuza swali kuwa jibu. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa wenzangu. Kwanza, anayeleta wingu aeleze ni maneno gani ameyaondoa, maana kuondoa nako ni kuhakiki. Pili, aseme vitenzi amevihesabuje: kwa umbo, kwa mzizi, au pamoja na viambishi vya ukanushi. Tatu, kwa kila neno kubwa alete angalau sentensi tatu kutoka katika matini, ili msomaji aone linafanya kazi gani. Voyant inakuonyesha neno pamoja na muktadha wake. Tatizo ni sisi tunaoishia kwenye picha.

Jambo hili ni zito kuliko alama za semina. Sisi hatukuwapo 1967. Azimio la Zanzibar lililolegeza miiko ya uongozi lilikuja 1991, nalo wengi wetu hatukuliona. Hata hivyo Katiba ya 1977 mpaka leo inataja ujamaa na kujitegemea. Anayehesabu atayakuta maneno hayo yapo, na ataandika kwamba ndiyo siasa yetu. Atembee basi Kariakoo saa nne asubuhi aone. Neno linaweza kubaki katika maandishi likiwa limeondoka mitaani, na linaweza kujaa katika maandishi kwa sababu linapigwa vita. Wazee wanaoujua utofauti huo kwa masikio yao wanapungua kila mwaka. Watakapokwisha, tutakaobaki na matini ni sisi, na kama tutaisoma kwa kuangalia ukubwa wa herufi tu, tutawarithisha wadogo zetu Azimio ambalo halikutangazwa.

Kama nimekosea tena, nawakaribisha walimu na wenzangu wanisahihishe katika toleo lijalo.