Kahawa Kizimbani

Usiku mmoja mwaka 1511, Kha'ir Beg, ofisa wa dola ya Mamluki aliyesimamia soko na maadili Makka, alikuta wanaume wamekusanyika karibu na msikiti wakipitishiana kikombe. Ilikuwa kahawa. Akaita wanasheria, na kahawa yenyewe ikaletwa mbele yao kama mshtakiwa. Madaktari wawili wakatoa ushahidi: ni baridi na kavu, inadhuru mwili. (Ati baridi! Lakini tiba ya siku hizo ilipima kila chakula kwa joto, baridi, unyevu na ukavu.) Ikapigwa marufuku, ikachomwa barabarani.

Mimi siamini shida ya Kha'ir Beg ilikuwa afya. Watu waliokesha wakiongea, hao ndio walimnyima usingizi. Kama umewahi kukaa barazani Mombasa, muuza kahawa akipita na dele lake na kugonganisha vikombe, unajua stori zinavyonoga pale, na serikali haiponi. Hukumu ilipofika Kairo, sultani hakukipiga marufuku kinywaji. Alikataza mikusanyiko.

London ilikuwa kinyume chake. Pasqua Rosée alianza kuuza kahawa pale Cornhill mwaka 1652, na tangazo lake likadai inasaidia maumivu ya kichwa, jongo, kiseyeye, hata kuzuia mimba kuharibika. Si ni kama zile video tunazotumiwa kwa simu? Kwa hivyo nikiambiwa kahawa ni dawa au ni sumu, kwanza nauliza anayesema anauza nini, au anaogopa nini.

Sayansi nayo hubadili msimamo, ila huwa inaeleza kwa nini. Mwaka 1991 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kahawa kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani ya kibofu. Mwaka 2016, baada ya kupitia ushahidi upya, likaitoa. Tena likaona dalili kwamba wanywaji hupata saratani ya ini kwa nadra zaidi. Kilichobaki na lawama ni joto: kinywaji chochote kinachozidi nyuzi 65, iwe chai, iwe kahawa.

Tangazo la kungoja chai ipoe sijawahi kuliona. Halina cha kuuza. Lakini hapa kwetu, magharibi mwa Kenya, ambako saratani ya umio imeshika familia nyingi, watafiti waliwauliza wagonjwa na wasio wagonjwa jinsi wanavyokunywa. Waliozoea vinywaji vya moto sana ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi.