Mzinga Uliolia Liuli

Mtu wa Songea akisikia neno pwani, mawazo humkimbilia Mtwara. Kumbe pwani ya Ruvuma iko magharibi, na maji yake hayana chumvi.

Ukiipita Mbinga na milima ya Wamatengo, yenye kahawa na mashamba ya mashimo yaitwayo ngoro, barabara inaanza kuteremka kona kwa kona, mara Ziwa Nyasa hilo hapo chini. Mbamba Bay ina mchanga, jua la kutosha na usipa walioanikwa. Wageni wengi huishia hapo: wanaogelea, wanakula mbasa, wanageuza. Mimi huwasihi wasogee kaskazini mpaka Liuli.

Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, kwa kuwa miamba ya ghuba yake iliwakumbusha ile sanamu ya Misri yenye kichwa cha mtu na kiwiliwili cha simba. Walikuwa na meli yao hapo, Hermann von Wissmann, iliyoletwa kutoka Ujerumani vipande vipande na kuungwa huku mwanzoni mwa miaka ya 1890. Wissmann, mwenye jina hilo, ndiye aliyetumwa kuvunja upinzani wa Abushiri, ambao ulimalizika kwa Abushiri kunyongwa Pangani, Desemba 1889.

Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, nahodha wa meli ya Kiingereza Gwendolen. Walizoea kunywa pamoja. Habari za vita kutangazwa Ulaya zilimfikia Rhoades, hazikumfikia Berndt. Gwendolen ikaingia ghubani na kufyatua mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alirukia kimashua, akapiga makasia hadi kwa rafiki yake, akafoka kama mtu aliyefanyiwa mzaha mbaya. Akaambiwa kuna vita, na yeye ni mateka.

Pambano hilo huhesabiwa miongoni mwa ya mwanzo kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Mei 1915 Waingereza walirudi kuiharibu zaidi ile meli.

Kisa hiki kimewachekesha wengi Ulaya. Sisi wa huku kucheka kwetu kuna kikomo. Miaka minane tu kabla ya mzinga huo, tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Maji Maji hapa Songea mjini. Kaburi lao la pamoja liko kwenye makumbusho ya Maji Maji, eneo la Mahenge hapa hapa mjini. Njaa iliyofuata ilimaliza watu wengi kuliko risasi. Nchi haijapata nafuu, Wajerumani wakaja tena kusaka wapagazi wa kubeba mizigo ya vita vyao, na hao hawakuwa na rafiki wa kumwendea kwa kimashua.

Baada ya vita Waingereza waliifufua meli ile, wakaiita King George V. Sphinxhafen nayo ikarudi kuwa Liuli.