Kibaba cha Maji ya Bahari

Haba na haba hujaza kibaba. Methali hii twaijua tangu utotoni, lakini ni wachache kati yetu waliopata kuuliza: kibaba cha nani? Zamani katika miji ya pwani nafaka ilipimwa kwa kibaba na kwa pishi, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Walakini pishi ya mji mmoja haikulazimika kuwa sawa na pishi ya mji mwingine, na mnunuzi mwenye busara alikitazama chombo kabla ya kuuliza bei. Leo mizani ya muuza nyama hukaguliwa na ofisa wa vipimo na kutiwa muhuri. Katika insha hii nataka kueleza jinsi maji ya bahari nayo yalivyopata kibaba chake, na kwa nini jambo hilo ni la uhai na mauti kwa viumbe vidogo vinavyofugwa katika nyumba za watu.

Viumbe hivyo ni matumbawe. Sisi huyaona baharini, Shimoni au Malindi, maji yakupwapo. Lakini katika nchi nyingi wako watu wanaoyafuga nyumbani, ndani ya matangi ya kioo yaliyojazwa maji ya chumvi. Desturi hii si ya jana. Mwaka 1846 bibi mmoja wa Kiingereza, Anna Thynne, aliyachukua matumbawe madogo yaliyo hai kutoka mji wa Torquay, ulio pwani, akayapeleka London. Maji mapya ya bahari yalikuwa shida kupatikana mjini, basi alimwamuru mtumishi wake ayamimine yale yale kutoka chombo kimoja hadi kingine, mara nyingi, ili yapate hewa. Matumbawe yake yakaishi. Alikuwa na bidii na macho yake; vipimo kama vya leo hakuwa navyo.

Mfugaji wa siku hizi anavyo vijiti vya umeme vya kupimia. Kimoja huonyesha kiasi cha chumvi, kingine huonyesha ukali wa maji, yaani uasidi wake. Akivitumbukiza majini, tarakimu hutokea kwa muda mfupi. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana tarakimu husomwa kwa imani hata inapokuwa ya uongo. Kijiti hakijui chumvi wala asidi. Hujua umeme tu, na ni lazima kwanza kifundishwe umeme huo una maana gani. Mafunzo hayo hutolewa kwa kukitia katika maji ambayo kiasi chake kinajulikana kwa hakika. Lakini maji hayo yalitoka wapi, na nani aliyeyatolea ushahidi?

Tuanze na chumvi. Kati ya mwaka 1872 na 1876 meli ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia ikiichunguza bahari. Maji iliyoyakusanya alipewa mwanakemia William Dittmar, naye akachunguza sampuli 77. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1884. Ilithibitisha jambo ambalo wengine kabla yake walikuwa wamelidokeza: katika bahari kuu chumvi yaweza kuzidi au kupungua, lakini aina za chumvi zilizomo hukaa karibu katika uwiano ule ule mahali pote. Basi ukipima kitu kimoja tu, klorini, waweza kukadiria kiasi cha chumvi yote. Katika bahari kuu chumvi hiyo ni kama gramu 35 katika kila kilo ya maji.

Hata hivyo, wataalamu wa nchi mbalimbali waliendelea kupima kila mmoja kwa dawa zake na kwa njia zake, na hesabu za taifa moja hazikuweza kulinganishwa kwa uhakika na za taifa jingine. Ilikuwa ni pishi ya mji huu na pishi ya mji ule. Mwaka 1899 wataalamu walikutana Stockholm, nchini Uswidi. Miongoni mwao alikuwamo Martin Knudsen wa Denmark, naye alipendekeza dawa iliyo rahisi: pawe na maji mamoja ya kigezo, yapimwe kwa uangalifu mkubwa, yatiwe katika chupa za kioo zilizozibwa kwa moto, kisha yapelekwe kwa wapimaji wa nchi zote. Maji hayo yakatengenezwa Copenhagen. Mpimaji, kabla ya kuyagusa maji yake mwenyewe, alivunja chupa ya Copenhagen na kuyapima yale kwanza. Kwa njia hiyo makosa ya dawa yake na ya chombo chake yalijulikana mapema. Kazi hii ilibaki Denmark hata mwaka 1975, ilipohamishiwa Uingereza.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: na chupa yenyewe, nani ataipima? Swali hili liliwashughulisha wataalamu pia. Mwaka 1978 walikubaliana kwamba chumvi ya bahari ilinganishwe, kwa njia ya umeme, na mchanganyiko wa kloridi ya potasiamu, gramu 32.4356 katika kilo moja ya mchanganyiko, kwenye joto la nyuzi 15. Maabara iliyo na vifaa sahihi yaweza kuutengeneza popote duniani. Hivyo kibaba kikaacha kuwa chombo cha mji mmoja, kikawa maelezo yanayoweza kufuatwa na watu wote.

Uasidi nao una historia yake, na kwa bahati ilianzia katika mji ule ule wa Copenhagen. Mwaka 1909 S. P. L. Sørensen, aliyefanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, alibuni kipimo kiitwacho pH. Maji safi huwa karibu na 7. Yaliyo chini ya hapo yana asidi, na yaliyo juu yana magadi. Lazima tukumbuke kwamba kila hatua moja ni mara kumi. Maji yakishuka kutoka 8.1 hadi 7.8 waweza kudhani ni kitu kidogo, kumbe uasidi umekuwa maradufu.

Kupima pH kwa umeme kulikuwa kazi ya maabara kubwa, hata mwaka 1934. Mwaka huo huko California rafiki wa mwanakemia Arnold Beckman alitaka kupima maji ya malimau, lakini dawa iliyotiwa humo iliipausha karatasi ya kupimia. Beckman akamtengenezea chombo chenye valvu kama za redio za siku hizo, nacho kikaanza kuuzwa mwaka uliofuata. Vijiti vya wafugaji wa leo ni wajukuu wa chombo hicho.

Katika chuo ninachofundisha tuliwahi kuletewa maji ya bahari, tukayapima kwa vijiti viwili. Cha zamani kilisema 8.1, na kipya kilichotoka sandukuni kilisema 7.6. Wanafunzi wangu karibu wote walikiamini kipya, nami, nakiri, nilikuwa pamoja nao. Ndipo msichana mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa nini tusivitie vyote viwili katika maji ya kigezo ya pH 7. Tulipofanya hivyo, cha zamani kilisema 7.0 na kipya kikasema 6.5. Maji hayakuwa na kosa lolote.

Fikiri sasa mfugaji ambaye kijiti chake hudanganya namna hiyo. Ataona 7.6, ashikwe na hofu, atie dawa ya kupandisha. Maji yaliyokuwa mazima yatachafuka, chokaa itajitenga na kuyafanya meupe, na matumbawe yaweza kufa kwa tiba ya ugonjwa ambao hayakuwa nao. Kwa hiyo mfugaji mwangalifu hukiosha kijiti kwa maji safi, hukitia katika kigezo cha pH 7, hungoja tarakimu itulie na kukisahihisha, kisha hurudia katika kigezo cha pH 10, ili maji ya bahari yawe katikati ya mashahidi wawili. Kijiti cha chumvi hukisahihisha kwa maji yenye chumvi ya 35, kwani mizani iliyokaguliwa bila uzito wowote juu yake haijathibitishwa kwa gunia. Na kwa kuwa kioo huzeeka na kushikwa na ukungu, kazi hiyo huirudia kila mara.

Jambo hili halikomei kwenye matangi. Tangu viwanda vya makaa na mafuta vilipoenea duniani, pH ya uso wa bahari imeshuka kutoka kama 8.2 hadi kama 8.1, na uasidi umezidi kwa zaidi ya robo. Matumbawe ya pwani yetu yamo katika bahari hiyo hiyo. Kijiti kama kile chetu kipya, chenye kosa la 0.5, hakingeweza kamwe kuonyesha badiliko la 0.1. Tumelijua kwa sababu wako watu waliokubali, kabla ya kuihukumu bahari, kuvijaribu kwanza vipimo vyao wenyewe. Nanyi wanafunzi, siku mtakapoambiwa hesabu yoyote, ya maji, ya mavuno au ya fedha, ulizeni kwa adabu: kibaba cha nani?