Programu Huria za Daftari Mbele ya Sheria

Programu huria za daftari ni zile programu za kompyuta za kuandikia na kuhifadhi maandishi, kama Joplin na Logseq, ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila atakaye kuusoma na kuubadili, nazo aghalabu hutungwa ili mwandishi asifungwe na programu za makampuni mfano wa Evernote na OneNote.

Hakimiliki

Kanuni iliyo msingi wa ruhusa ya kuiga utendaji wa programu za makampuni ilitokana na daftari la karatasi. Mwaka 1859 Charles Selden wa Marekani alichapisha kitabu cha kufundisha utaratibu mpya wa kuweka hesabu, ndani yake mkiwamo majedwali ya mfano. Na baada ya kufa kwake, mtu aitwaye Baker alipouza madaftari yenye majedwali yaliyoshabihiana na yale, warithi wa Selden wakamshitaki. Mahakama ya Juu iliamua, katika kikao chake cha mwaka 1879, kwamba hakimiliki huyalinda maelezo ya mtunzi, bali utaratibu alioueleza ni halali kwa watu wote kuutumia.

Hukumu hiyo ya insafu imezaa nyingine. Kampuni ya Lotus ilipoishitaki kampuni ya Borland mwaka 1990 kwa kuiga orodha ya amri 469 za programu yake, mahakama ya rufaa ya Boston ilisema mwaka 1995 kwamba orodha hiyo ni njia tu ya kuendeshea programu. Yenye manufaa zaidi kwa watungaji wa programu za daftari ni hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012, baina ya kampuni za SAS Institute na World Programming, iliyotamka kwamba kazi zifanywazo na programu, pamoja na muundo wa mafaili yake, hazilindwi na hakimiliki ya programu, na kwamba mwenye leseni halali aweza kuichunguza inavyotenda ili azijue fikra zilizomo, hata mkataba ukimkataza.

Kilicho haramu ni kunakili msimbo wenyewe, picha na maandishi ya maelekezo. Ndiyo maana watungaji wenye hadhari huwatenga wale waliopata kuuona msimbo wa kampuni, wasiandike hata mstari mmoja.

Alama ya biashara

Jina la programu lisikaribiane na la kampuni: programu ya mazungumzo Gaim ilibadilishwa jina kuwa Pidgin mwaka 2007 kwa malalamiko ya kampuni ya AOL.

Leseni

Leseni ya AGPL, toleo la 3 la mwaka 2007, itumiwayo na Logseq, humwajibisha anayeiendesha mtandaoni programu aliyoibadili awape watumiaji msimbo wake.

Afrika Mashariki

Tanzania Bara kwa sheria ya 1999, na Kenya kwa sheria ya 2001, huzihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zilindwazo na hakimiliki.