Kachumbari ya Kula Bia

Neno bia, kabla halijamezwa na kinywaji cha chupa, lilikuwa na maana ya ushirika. Wazee wa pwani waliposema wanakula bia walikusudia kwamba kila mmoja ametoa chake, huyu mchele, yule samaki, wa tatu kuni, kisha wakakaa mkeka mmoja. Siku hizi neno hilo hulisikii ila kwa watu wazima. Jambo lenyewe lipo, nami nililikuta Ifakara, katika bonde la Mto Kilombero, mbali kabisa na bahari. Kila mwalikwa alipewa lake la kuleta. Mimi niliagizwa kachumbari.

Nakiri nilicheka moyoni. Kwetu visiwani kachumbari huachiwa mtu asiyetarajiwa jambo kubwa: kijana asiyejua kupika, ama mgeni mwanamume. Tena nilidhani nawapelekea watu wa bara kitu cha pwani. Yote mawili nilikosea, nami nitaanza na hilo la pili.

Kachumbari si yetu. Jina lake limetoka Bara Hindi, na huko hadi leo huitwa karibu vivyo hivyo. Nyanya na pilipili zinazowasha ni mimea ya Amerika. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, hapakuwa na mpishi wa pwani aliyepata kuiona nyanya hii nyekundu. Lugha yenyewe ni shahidi. Pilipili lilikuwa jina la ile punje nyeusi ya Malabar. Mgeni kutoka Amerika alipofika akalitwaa jina, na mwenyewe wa asili hana budi sasa kuitwa pilipili manga ndipo atambulike. (Sijui dhuluma nyingine ya jikoni iliyo kubwa kuliko hiyo.) Nyanya nayo inashirikiana jina na nyanya chungu, hiyo ngogwe, ambayo ni mwenyeji wa Afrika. Kabichi na karoti hazihitaji mkalimani. Hata lile jani la kunukia, sisi twaliita kotmiri, wao waliita giligilani, na pale sokoni tulibishana mpaka muuzaji alipoinua fungu tukaliona.

Mboga za bondeni zenyewe ni za kupikwa: majani ya maboga, matembele, kisamvu, mlenda. Mboga mbichi za kukatwa zilipata njia nyingine zilipokuja Wachina na reli. TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Hupita Mang'ula, Ifakara na Mlimba katika joto la mpunga, kisha hupanda milima hadi Makambako, kwenye baridi inayostawisha kabichi na karoti. Jamie Monson, aliyeandika historia ya reli hiyo katika kitabu cha mwaka 2009, alizichambua stakabadhi za vifurushi vilivyopakiwa vituoni, na humo ikadhihirika kwamba njia iliyosifiwa kwa shaba ya Zambia ilikuwa pia njia ya wachuuzi wadogo na magunia yao.

Lakini historia iliyonifanya nijute kicheko changu ni ya kabla ya reli. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia boma ya Wajerumani ya Mahenge, kusini mwa Ifakara, wakafyekwa kwa bunduki za rashasha. Vita havikuishia hapo. Mwezi wa Oktoba mwaka huo ofisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, alimwandikia Gavana von Götzen kwamba silaha peke yake hazitoshi. Njaa na dhiki ndizo zitakazowatiisha watu. Ikawa hivyo. Mashamba na maghala yakachomwa kote kusini, na waliokufa kwa njaa wakawazidi waliouawa kwa risasi. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba walioangamia wote walikuwa kati ya 250,000 na 300,000.

Mtu wa njaa hatengenezi kachumbari. Haishibishi; kazi yake ni kuamsha hamu ya kula kingine, na hicho kingine lazima kiwepo. Kwa hiyo anayeambiwa, katika kula bia, kwamba yeye alete kachumbari, hakudharauliwa. Ameambiwa kwamba wali upo wa kutosha. Mama mwenye nyumba alipoiinua kawa na mvuke wa mchele wa Kilombero ukatupiga usoni, nilielewa nilichokuwa nimeagizwa.

Nilikata vitunguu vyembamba, nikavifikicha kwa chumvi, nikavisuuza na kuvikamua ili ukali utoke. Nyanya nilizikata ngumu ngumu, mbegu zake nikazitupa, maana bakuli la watu wengi hugeuka mchuzi upesi. Tango, karoti kidogo, pilipili moja kwa heshima ya watoto, kisha hiyo giligilani. Nikashika ndimu. Mama yule akanitazama.

"Baba, ndimu ngoja kwanza," alisema. "Watu hawajanawa."

Nikangoja, kisu mkononi, hadi birika lilipomfikia mtu wa mwisho ukumbini.