Programu za vyuo vikuu kwa wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo: mwongozo kwa vijana wa Ikungi



Kila inapokaribia mwezi wa tano naulizwa swali lile lile na vijana wa hapa Ikungi, wa Puma, wa Mungaa mpaka Sepuka: "Bro, nimeona kwenye mtandao chuo cha Marekani kinachukua wanafunzi wa sekondari kwa wiki mbili. Ni kweli au ni matapeli?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, sasa naweka yote hapa ili anayekaa kafe na shilingi mia tano yake asome, anakili kwenye daftari, aondoke.

1. NI KITU GANI HASA?

Vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya hufunga kati ya mwezi wa sita na wa nane. Mabweni yanabaki matupu, madarasa yapo, baadhi ya walimu wapo. Chuo kinafungua mlango kwa wanafunzi wa sekondari waje kusoma wiki mbili, tatu, hata saba. Wenzetu wanaita shule ya kiangazi. Jambo hili si jipya: shule ya kiangazi ya Harvard ilianza mwaka 1871, ingawa kuwachukua wanafunzi wa sekondari kulikuja baadaye.

Hapo hapo tuelewane. Kiangazi ni chao. Mwezi wa saba sisi hapa Ikungi tuko kwenye baridi na upepo, na shule ndiyo kwanza zinafunguliwa. Suala la kalenda linawaumiza wengi, nitalirudia chini.

2. ZIKO ZA AINA TATU

Kwanza, za kulipia. Hizi ndizo nyingi. Mfano ni Yale Young Global Scholars ya Chuo Kikuu cha Yale: wiki mbili hivi, ada zaidi ya dola 6,000. Kwa hela yetu si chini ya milioni 14, tiketi ya ndege bado. Wana msaada kwa wasio na uwezo, lakini unauomba mwenyewe na unashindana na dunia nzima.

Pili, za bure kwa maana ya bure kweli. Jumuiya ya Telluride ya Marekani imeendesha semina za namna hii tangu miaka ya 1950, katika vyuo kama Cornell. Masomo, chakula na malazi hulipi, unachaguliwa kwa insha zako. Karibu na sisi zaidi ni Yale Young African Scholars, ya Yale hiyo hiyo lakini kwa ajili ya vijana wa Afrika. Imewahi kufanyika Ghana, Zimbabwe na Rwanda. Ni kama wiki moja, huna ada ya kulipa, na wanakufundisha namna ya kuomba chuo na ufadhili nje. Nauli ndiyo jukumu lako, ingawa kuna wanaosaidiwa.

Tatu ni za makampuni. Kampuni inakodi bweni la chuo maarufu, inaweka picha ya jengo kwenye tovuti, halafu inakuuzia "uzoefu wa chuo kikuu". Si lazima iwe utapeli, lakini chuo chenyewe hakihusiki na wewe. Cheti utakachopewa ni cha kampuni.

3. YALIYOTUKUTA NYUMBANI

Mwaka 2019 mtoto wa dada yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne. Akapata barua pepe: hongera, umeteuliwa. Siku kumi Marekani, dola 2,900, tiketi juu yako, thibitisha ndani ya siku saba. Shemeji yangu ni mkulima wa alizeti. Jioni ile alianza kuhesabu ng'ombe. Si kwa kuuliza kama watauzwa, bali wangapi.

Tulikwenda kafe na binti, tukawaandikia maswali matatu. Je, programu hii imetajwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe? Nani alimteua, na kwa matokeo yapi? Viza ikikataliwa, hela inarudi? La kwanza walijibu kwamba "tunatumia majengo ya chuo". La pili hawakujibu. La tatu walijibu kwa kukumbusha siku ya mwisho ya kulipa. Ng'ombe wakabaki zizini, binti akaenda kidato cha tano. Alilia sana, sitaficha. Lakini maswali yale matatu ninayo mpaka leo na nawapa bure.

4. KALENDA YETU NA YAO

Chukua kalamu hapa.

Kidato cha nne mnafanya mtihani mwezi wa 11, matokeo Januari, kidato cha tano kinaanza Julai. Mna zaidi ya miezi sita mitaani, lakini programu nyingi za nje zinaanza mwishoni mwa Juni au Julai, yaani zinagongana na kuripoti shule. Usiporipoti kwa wakati nafasi yako inaweza kupewa mwingine. Kupoteza kidato cha tano kwa ajili ya wiki mbili ni biashara mbaya.

Kidato cha sita mnamaliza Mei, halafu mnaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorudishwa mwaka 2013. Na programu nyingi zinataka mtu ambaye bado ana mwaka wa sekondari mbele yake, kwa hiyo aliyemaliza kidato cha sita mara nyingi anakuwa ameshachelewa.

Mwenye nafasi nzuri ni wa kidato cha tatu na cha tano. Likizo yenu ya Juni ndiyo dirisha lenu. Maombi mengi hufungwa miezi mingi kabla, hivyo wa Juni anaanza kujaza Oktoba au Novemba ya mwaka uliopita.

5. VIZA: SOMA KABLA HUJALIPA

Ada ya kuomba viza ya kawaida ya Marekani ilipanda kuwa dola 185 mwaka 2023, na ukinyimwa hairudi. Kubwa zaidi: Desemba 2025 serikali ya Marekani iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zilizowekewa vikwazo vya sehemu, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 vikagusa viza za matembezi na za wanafunzi. Kwa hiyo yeyote anayekwambia "lipa leo, viza ni uhakika" anakudanganya mchana kweupe. Angalia kwanza tovuti ya ubalozi wao Dar.

Kwa Rwanda hesabu ni nyingine kabisa. Mtanzania haombi viza. Malori ya Kigali tunayoyaona kila siku hapa barabarani yanapita Singida, Nzega, Kahama mpaka Rusumo, na mabasi yapo. Unachohitaji ni hati ya kusafiria. Pasipoti ya kielektroniki iliyoanza 2018 iliwekewa ada ya shilingi 150,000. Ukiwa chini ya miaka 18 mzazi anahusika. Cheti cha kuzaliwa kitafutwe sasa hivi, maana hapo ndipo vijana wengi wa vijijini wanakwama.

6. ZA HAPA HAPA

Tusiangalie majuu tu. Young Scientists Tanzania ilianzishwa 2011. Shule yoyote inaweza kutuma kazi ya utafiti, wanaochaguliwa wanakwenda kwenye maonyesho Dar, na washindi wamepata ufadhili wa kusoma chuo kikuu. Ukichunguza kwa nini kuku wa kijijini kwenu wanakufa msimu fulani, tayari umeanza utafiti.

Wasichana, kuna mafunzo ya TEHAMA yanayoendeshwa na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), yakiambatana na Siku ya Wasichana na TEHAMA, Alhamisi ya nne ya Aprili kila mwaka. Mwambieni mwalimu wa kompyuta afuatilie.

UDOM, iliyoanza 2007, iko kama kilomita 200 tu kutoka hapa. Andikeni barua kupitia kwa mkuu wa shule mkaombe kutembelea maabara siku moja. Kuuliza si ujinga.

Majirani Wakenya wana KenSAP, iliyoanzishwa 2004 na mwandishi John Manners pamoja na Mike Boit, yule mkimbiaji aliyepata medali ya shaba Olimpiki ya 1972. Wanawachukua vijana waliofaulu vizuri, wanawaweka kambini, wanawafundisha mtihani wa SAT na kuandika insha. Vijana wa wakulima wamefika Harvard na Yale kwa njia hiyo. Walioianzisha ni watu wachache tu. Singida tuna walimu wastaafu na wasomi wangapi?

7. UKIWA NA SAA MOJA YA KAFE

- Andika anwani ya chuo mwenyewe, usibofye kiungo ulichotumiwa. Kama programu haimo kwenye tovuti ya chuo, achana nayo.
- Tafuta maneno matatu: ada, msaada wa kifedha, umri.
- Usitume hela kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kamwe.
- Insha iandike kwanza nyumbani kwa mkono, kafe uende kuchapa tu. Andika maisha yako ya kweli. Insha ya kunakili inajulikana.
- Mwombe mwalimu barua mapema, si usiku wa mwisho.
- Ukikosa yote, kozi ya kompyuta ya CS50 ya Harvard iko bure mtandaoni, na MIT walitangaza kuweka masomo yao wazi tangu 2001. Hazihitaji viza.

Jambo la mwisho. Kuhudhuria programu ya kulipia hakukupi nafasi ya kudahiliwa chuo hicho baadaye. Mzazi asiuze shamba kwa matumaini hayo.

Kama kuna mdau wa Singida aliyewahi kwenda mojawapo ya hizi, aweke maoni hapo chini: alijazaje fomu, nauli alipata wapi. Vijana wanasoma. Nawasilisha.